Apartema Yenye Ililipa Ng'ombe

Siku ya Mungu, asubui.

Mvua ilianza mbele ya kucha na haijachoka. Niko kwa mama yangu, huku Kadutu, ku kitanda ya chumba ya nyuma. Matope inashuka njia yote mbele ya mulango, na bantu banapita na biatu mu mukono. Bote ba hii nyumba balienda ku misa. Mimi nilisema kichwa inaniuma. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Kichwa iko muzima.

Yenye inaniuma ni roho.

Nitaandika byote pole pole, juu nikiongea kwa kinywa nitatukana muntu, na muntu mwenye nitatukana ni wa tumbo moja na mimi.

Mimi ni mwimbaji. Njo kazi yangu tangu usichana. Niliimba ku ndoa, niliimba ku matanga, niliimba ku bar, na tangu animasiyo ya Parti, ile dansi ya kusifu serikali, ilianza niliimba pia fasi zenye sikupenda, na pagne, kitenge ya sura ya Rais, ku kifua. Ile kazi yote njo ilininunulia apartema Kwa Magita. Haiko bwana, haiko kaka. Hii koo yangu.

Kwa Magita, kila muntu wa Bukavu anapajua. Ni ile avenue ya zamani yenye iko juu ya ziwa, na nyumba za wakati ya Babeleji zenye kona za muviringo. Pale banachonga pembe. Pale kuko fotografe na rido yake, pazia yenye balichora ndege na milima ya teluji, na bamaman banasimama mbele yake na kitenge mupya sawa benye banaenda Ulaya. Pale kuko Papa Safari, mwenye anachora vibao vya bakinyozi na ba bar zote za mujini. Na saa tisa, jua ikilegea, unasikia magita inaanza kupangwa: huku moja, kule moja, kila orkestra na yake. Mwenye hakukaa Kwa Magita hajui Bukavu, mimi njo nasema.

Katikati kulikuwa sale kubwa ya dansi, ya mabati. Mule njo niliimba mara ya kwanza. Nilikuwa mufupi, bakanisimamisha juu ya kesi ya bia ili kinywa ifike ku mikro. Kisha mukubwa mumoja akaikamata ile sale, sijui aliipata namna gani, na saa hii muntu haulizi. Akaivunja. Akajenga etaji ine, gorofa juu ya gorofa, rangi ya waridi, na kila apartema akaiuzisha kwa muntu wake. Siku balitoa mabati, avenue nzima ililia. Na mimi nililia sawa bengine.

Kisha nikapanguza macho, nikaenda kuuliza bei.

Niseme ukweli, juu hapa hakuna mwenye ananisikia. Nilikuwa na tamaa nayo. Sikukaa ata siku moja mu nyumba yenye nilisema "yangu." Kwa mama ni kwa mama. Kule Walungu ilikuwa kwa bwana. Mu ma-turne na orkestra ni otel zenye mashuka inanuka bantu bengine. Nilitaka mulango yenye nikifunga, inafungwa. Apartema ya etaji ya pili, byumba bibili, robine mu kikoni, maji inatoka mu ukuta, na balkoni yenye inaangalia atelie ya Papa Safari. Mwenye jengo alitukataza kutwanga sombe, majani ya muhogo, mu kinu, ati tutavunjia bantu ba chini dari. Nikasema sawa, sombe nitakulia kwa mama.

Mama mwenyewe alikuja kuitazama. Akapanda eskalie akipumua, akasimama katikati ya simenti, akageuka kila upande.

«Nabintu, mutoto yangu, udongo iko wapi?»

«Mama, udongo iko chini kabisa.»

«Basi ulinunua upepo. Mugomba utapanda wapi?»

Tulicheka sana ile siku. Alikuwa na haki kidogo.

Sasa nifike ku kosa.

Nilipoenda ku Zone, biro ya serikali, kwa kuandikisha nyumba, ajenti aliniangalia juu ya miwani. «Citoyenne, uko muolewa?» Nikasema niliolewa, lakini miaka mingi siko kule. Akauliza, «Mali ilirudi?» Nikasema bado. «Kama ng'ombe za mahari hazikurudi, uko bado bibi ya muntu. Lete bwana atie sinyatire ku karatasi.» Hakuniongelesha mubaya. Ni sheria, na mimi sikuijua.

Bwana yangu anaitwa Bisimwa. Muntu wa Walungu, wa mashamba na mifugo, mukubwa kwangu sana. Hakunipiga, nisimusingizie. Alinikataza kuimba. Ata kuimba nikipepeta maharagwe. «Bibi yangu haiko redio.» Niliishi kule miaka kinywa ikiwa imefungwa, mupaka siku moja nilipanda camion ya makabishi nikarudi Bukavu na ile nguo nilivaa. Tangu pale anatuma bajumbe: arudi. Mimi: sirudi. Na hakuna mwenye alinifukuza, na hakuna mwenye alirudisha ng'ombe.

Hakuna mwenye alirudisha juu ng'ombe zenyewe hazikuwako. Mugisho, mudogo yangu, mwanaume peke yake mu nyumba yetu, njo alizikamata kwa kuoa Faida. Kwetu ni vile. Dada anaolewa, ng'ombe zinaingia, kaka anatoka nazo kwenda kutafuta muke. Na toka siku ile, ule kaka hawezi kukunyima kitu. Akikunyima, anakunyima mbele ya bibi yake mwenye aliletwa na mali yako. Batoto ba Mugisho, ni sawa mimi njo nilibazaa. Nilimuambia vile kila siku, na kwa kucheka, na kwa kutaka kitu. «Kumbuka, ng'ombe zangu njo zilikuolea.» Naye anajibu, «Ndiyo, Yaya,» ni kusema dada mukubwa.

Basi nilifanya nini? Nikaandika apartema ku jina ya Mugisho.

Muzungu angecheka. Muzungu hajui hii maneno ya ng'ombe. Mimi niliona hakuna karatasi yenye inaweza kupita ile deni ya damu. Ningeogopa Mugisho sawa vile naogopa mukono yangu.

Kinachokukula kiko mu nguo yako. Nilifundishwa ku masomo nikiwa mudogo, nikaiimba na bengine, sikusikia.

Tulienda na orkestra Uvira, kisha Bujumbura. Tulirudi siku ya ine ya hii juma. Nikapanda eskalie na sanduku yangu, nikifikiri paka kitanda. Ufunguo haukuingia. Nikaangalia: seri mupya, inang'aa. Nikapiga mulango.

Bisimwa njo alifungua.

Alivaa singleti na kikwembe. Nyuma yake nikaona mifuko ya maharagwe imepangwa mupaka ku dirisha. Harufu ya Walungu yote ilikuwa mule. Na mu benwari, ile ya kuogea, mu benwari yangu yenye sikuimaliza ata kuizoea, kuku babili bamefungwa miguu.

«Karibu, Nabintu,» akasema, na adabu yote. «Kumbe ulichagua fasi muzuri. Hewa iko.»

Nikamuuliza anafanya nini kwangu.

«Hukuambiwa? Mugisho alinilipa na hii nyumba. Mali ilirudi. Sasa weye hauko bibi yangu tena, na mimi siko bwana yako. Kitanda yako tulituma kwa mama.» Akaona sura yangu, akaongeza, «Kaa kidogo, unywe maji.»

Maji ya robine yangu. Nilishuka eskalie na sanduku yangu.

Jana siku ya posho, kisha ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha njia, bantu bakiwa bado na majembe na mafagio mu mukono, jamaa ilikutana hapa kwa mama. Mugisho alikuja na abakosi mupya, ile koti ya bakubwa ba Parti. Bisimwa alikuja na bazee babili ba kwabo. Shangazi yangu alikuwa pale, dada ya marehemu papa, yeye njo anaongeaka maneno ya jamaa. Faida alikuwa mu kikoni na hakuinua macho ata mara moja. Na kalabasi ya kasiksi, pombe ya ndizi, katikati, na murija ndani, sawa siku ya ndoa.

Yenye iliniua ni furaha yabo. Balifurahi kweli! Shangazi akasimama, «Leo mutoto yetu tunamukomboa. Alifungwa, leo anafunguliwa.» Mama akapiga bigelegele. Mama yangu mwenyewe.

Nikasema, «Munanikomboa na nyumba yangu?»

Mugisho akakohoa. «Yaya, nyumba iko ku jina yangu. Na weye mwenyewe kila siku unaniambia, ng'ombe zangu njo zilikuolea. Basi si leo zimerudi? Ulikuwa unazidai. Nimezirudisha. Sasa unalia nini?»

Bazee ba Walungu bakatikisa kichwa, ati kijana anaongea sawa muzee. Ile maneno nilimuimbia miaka yote, aliichukua akanifunga nayo.

Nikasema nitaenda tribinali. Mama akanikamata mukono. «Ukivunja hii, Bisimwa atadai ng'ombe kwa Mugisho. Mugisho atazitoa wapi? Atarudisha Faida kwabo. Na batoto? Unataka batoto balale na mama wa kambo juu ya simenti ya etaji?» Mu kikoni nikasikia sufuria inaanguka.

Siwezi kumufanyia Faida vile. Mugisho anajua. Njo maana alicheza vile.

Kisha kalabasi ikazunguka. Bwana anakunywa, bazee banakunywa, kaka anakunywa, na mwanamuke mwenyewe njo anakunywa wa mwisho. Akinywa, maneno imekufa, hakuna mwenye ataifufua. Ikanifikia. Niliikamata na mikono mibili. Nilisikia harufu ya ndizi mbivu. Bote banangoja.

Na hapa niandike yenye sitaambia muntu: nilitaka kukunywa. Ile kitu nilingoja miaka yote, kuachana na Bisimwa, ilikuwa pale, mbele ya midomo. Kuingia ku Zone na kusema, mimi Nabintu, siko na bwana, lete kalamu. Kukunywa mara moja tu. Lakini ningeandikisha nini? Ningekuwa huru bila fasi ya kulala.

Sikukunywa. Nikapitisha kalabasi kwa Mugisho, bila kuonja.

Shangazi akasema, «Nabintu, usituletee haya.» Bazee bakasimama, bakavaa kofia. Bisimwa akaniangalia kwa muda, sawa muntu mwenye anaona mbuzi inapanda muti. Bakakubaliana tutarudia siku nyingine, nikipoa. Mama hanisemeshi tangu jana. Asubui aliweka chai mbele yangu na akageuza mugongo.

Basi niko hapa, na mvua, na kasirani.

Sikukunywa. Maneno haikuisha. Ni kusema mali haijarudi. Na kama mali haijarudi, mimi ni nani?

Mimi ni bibi ya Bisimwa.

Na bibi ya muntu analala wapi?

Ee Mungu wangu.

*

Siku ile ile, jua inazama.

Nilifanya.

Nilikunja godoro, nikafunga na kamba, nikabeba ku kichwa. Mama alikuwa anatoka misa, tukakutana ku mulango. «Unaenda wapi na godoro, na hii mvua?» Nikasema, «Kwa bwana yangu, mama. Si njo fasi ya mwanamuke?» Nilishuka Kadutu yote vile, godoro inakunywa mvua na inazidi uzito, bantu bananicheka chini ya mabati. «Maman mwimbaji, tamasha iko wapi?» Nikabajibu itakuja.

Ku Kwa Magita, Papa Safari alikuwa ku kizingiti ya atelie yake, anasugua brosi. Akakimbia kunisaidia, akakamata upande ya nyuma ya godoro. Tulipofika mu eskalie akauliza kwa furaha, «Maman Nabintu, ulirudishiwa nyumba?»

«Hapana, Papa. Narudi kwa bwana yangu.»

Akaachilia godoro. Kweli aliiachilia, ikaanguka mu eskalie mupaka ku mulango ya bantu ba chini. Anajua historia yangu. Siku nilifika na ile nguo moja, yeye njo alinipa chai. Tukaiokota tena, na aliponiachia ku etaji akasema paka, «Maman, ukiniitaji, piga kelele. Niko hapa mbele.»

Bisimwa alifungua. Kwanza akafikiri nimeleta vurugu. Nikaingia, nikaweka godoro chini, nikaipiga na mukono ili maji itoke.

«Sikukunywa,» nikamuambia. «Uliona?»

«Niliona.»

«Basi niko bado bibi yako. Na hii ni nyumba ya bwana yangu. Nionyeshe fasi ya kuweka godoro.»

Akacheka. Akacheka vizuri, na meno yote, kisha kicheko ikapunguka kidogo kidogo, ikaisha. Nilimuona anatafuta njia ya kunikataa. Hawezi kusema uongo, bazee bake balikuwako, baliona kalabasi inanipita bila kuonja. Miaka yote alituma bajumbe: bibi yangu arudi. Leo bibi alirudi, na godoro ku kichwa, mbele ya avenue nzima.

«Sawa,» akasema mwishoni. Akaketi juu ya mufuko. «Chumba ya kidogo. Mimi siko na haraka na weye.» Kisha akaniangalia, na ile sura ya Walungu yenye nilisahau ikarudi. «Kama uko bibi, basi leo tutakula nini?»

Niliwasha mbabula ya makala ku balkoni.

Niandike bila aibu. Nilichagua maharagwe yake, niliyaosha na maji ya robine yangu, niliyateleka mu sufuria yake. Saa hii inachemka, na mimi naketi kando yake. Ile nyumba nilinunua ili nisipikie mwanaume tena, njo ndani yake napika. Uchungu yenye niko nayo ni ya namna nyingine, ata kulia haiitaki.

Chini banaanza kupanga magita. Bisimwa alisikia, akatoka, akasimama nyuma yangu. «Unajua masharti,» akasema. «Bibi yangu haimbi ku bar.»

Nikasema, «Nasikia, bwana.»

Nilisema nasikia. Sikusema naitika.

Juu kuko kitu moja, na yeye anaijua kunishinda. Kwetu, bibi akikimbia, mali inarudi. Lakini bwana akimufukuza bibi yeye mwenyewe, kwa kinywa yake, mbele ya bantu, hadai kitu. Ata mukia ya ng'ombe. Njo maana mu ile miaka yote hakusema «enda.» Alingoja mimi njo nikimbie. Na nilikimbia, mujinga ya mimi.

Leo sikimbii.

Siku ya posho orkestra inapiga hapa chini, mu lupango, kiwanja ya bachongaji, na mimi njo niko ku mikro. Nitashuka eskalie na pagne yangu muzuri. Nitaimba na uso ukiangalia hii balkoni. Bantu ba Kwa Magita batakuwa pale, Papa Safari atakuwa pale, na bazee ba Walungu nitabatumia neno bakuje kukunywa bia. Bisimwa ni mwanaume wa kiburi. Hataweza. Atafungua kinywa.

Kisha deni ya ng'ombe itakufa, Bisimwa atatoka mu apartema, ng'ombe zitakuwa zangu, na Faida atabaki na batoto bake, na Mugisho hatakuwa na ng'ombe ya kujifichia nyuma. Atakuja na mimi ku Zone, kwa mapenzi ao kwa haya. Kama atakataa? Sijui. Karatasi iko ku jina yake, na mimi sina tena hakika ya muntu. Usiku na muchana nitakuwa nawaza ile.

Na kama Bisimwa hatafungua kinywa? Kama ataketi pale juu, asikilize, apige makofi? Basi nitakuwa bibi yake mupaka kufa, na nitapika.

Nilisikia bantu banaomba Mungu mvua, banaomba mutoto, banaomba kazi. Sijasikia mwenye anaomba afukuzwe mu nyumba yake.

Mungu wangu, siku ya posho, anifukuze. Na aniambie kwa nguvu, avenue nzima isikie.